Tanzia ya Bibi Peresi

Wenzangu, uso wangu leo sijui niuweke wapi.

Naandika nikiwa intaneti kafe hapa Dodoma mjini. Vumbi la Gulwe bado liko kwenye nyusi. Mwenye kafe ananitazama kwa jicho la wasiwasi kwa sababu kila nikimaliza sentensi najifunika uso kwa mikono. Someni taratibu. Mkimaliza, nionee­ni huruma kwanza, mengine baadaye.

Kwa waliojiunga na jarida letu juzijuzi: mimi ni Mwanaidi, mzaliwa wa Tanga, katibu muhtasi katika ofisi moja ya serikali. Mchana napiga chapa barua za wakubwa. Jioni naandika habari za wasanii kwa ajili ya jarida hili letu la mtandaoni, lisilo na ofisi, lisilo na mfadhili, ambalo nusu ya waandishi wake hatujawahi hata kuonana. Na ndiyo, mimi ndiye niliyeandika ile tanzia. Ile ya Bibi Peresi, mpiga muheme, ngoma ya kina mama wa Kigogo inayobanwa katikati ya magoti. Ile iliyowaliza.

Mambo yalianza Jumatatu. Nilimpigia simu Mama Loyi, kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bibi Peresi kule Makutupora. Nilitaka kwenda kuwapiga picha mpya. Mama Loyi ana simu ya mkononi siku hizi, lakini ili ishike mtandao lazima apande juu ya kichuguu nyuma ya shamba lake la zabibu. Upepo ukivuma, unasikia upepo tu.

"Mwanangu," akaniambia, "Bibi Peresi ametutoka."

"Ametutoka? Lini?"

"Jumamosi. Tumemsindikiza kikundi kizima, na ngoma zetu. Watu walilia siku hiyo!"

"Jamani! Alikuwa anaumwa nini?"

"Miguu tu, mwanangu. Magoti."

(Hapa mtu mwenye akili zake angejiuliza: magoti yanauaje? Mimi sikujiuliza. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta leso.)

"Sasa yuko wapi?"

"Kwao, Gulwe. Amepumzika."

"Poleni sana, mama. Poleni."

"Ahsante, mwanangu. Tutazoea."

Upepo ukavuma. Simu ikakatika.

Sasa niambieni, nyie mafundi wa lugha: katika maneno hayo ni neno gani linaloonyesha kwamba mtu yuko hai? Moja tu! Nitajieni!

Nililia palepale ofisini mpaka bosi akaniruhusu niondoke. Jioni hiyohiyo nikaandika tanzia, nikawatumia. Mengine mnayajua. Mhariri aliipandisha ukurasa wa mbele na mshumaa wa kuchora. Zuhura wa Morogoro alitunga shairi la maombolezo ambalo kila nikilisoma nashindwa kufika mwisho. Mmoja wetu anayesoma Ulaya aliandika kwamba amelia maktaba, mbele ya Wazungu. Mkakubaliana kwamba wanajarida walio Dodoma waende Gulwe kuhani kwa niaba ya wote. Wanajarida walio Dodoma ni wawili. Mimi na Yusto.

Yusto mnamjua kwa majalada yake. Hapa mjini tunamjua kwa mabango: kila saluni yenye picha ya mwanamke mwenye shingo ndefu, amechora yeye. Kijana mpole, haongei sana. Alimchora Bibi Peresi kwenye plaiwudi kubwa, kutoka kwenye picha niliyompiga mwaka jana: shanga kifuani, mdomo wazi anacheka, pengo la mbele linaonekana. Amechora mpaka ukiangalia unasikia sauti. Halafu kwenye kona akabandika utepe mweusi.

Leo alfajiri tukaondoka. Basi la Mpwapwa. Mimi nimevaa kanga nyeusi, Yusto amevaa suruali nyeusi ya kuazima inayomwishia juu ya vifundo. Tumebeba mchele, tumebeba sukari, tumebeba shada la maua ya plastiki lenye maandishi ya dhahabu: BURIANI BIBI PERESI. (Hayo maandishi ni wazo langu. Naomba tusiyazungumzie tena.)

Mpwapwa tukapanda pikapu ya kwenda Gulwe. Nyuma tulikuwa sisi, magunia, na mama mmoja aliyekuwa anarudi nyumbani baada ya kumuuguza mwanawe hospitali. Mama Yeremia, alisema anaitwa. Akatazama shada. Akatazama plaiwudi iliyofunikwa shuka.

"Poleni wanangu. Mnakwenda kwenye msiba wa nani?"

"Wa Bibi Peresi," nikasema. "Yule mpiga ngoma."

Mama yule akashika kifua. "Peresi? Peresi wa kule karibu na reli? Aliyekuwa Makutupora?"

"Huyohuyo, mama."

"Mbona sijasikia?"

"Jumamosi, mama. Magoti."

"Magoti!" akapiga ukelele. "Uwiii! Alinifunda huyo! Alinipigia muheme siku ya harusi yangu!"

Na akaanza kulia. Mimi nilikuwa nimejikaza tangu Dodoma. Nilipoona machozi yake, breki zote zikakatika. Tukakumbatiana juu ya magunia, pikapu inaruka mashimo, tunalia kwa sauti. Dereva akasimamisha gari, akashuka, akatupa pole, akavua kofia, akaendesha polepole mpaka Gulwe kama amebeba jeneza.

Tuliposhuka stesheni, Mama Yeremia alitangulia mbele. Mikono kichwani. "Uwiii! Peresi! Peresi wetu!" Wanawake waliokuwa wanauza nyanya wakaacha nyanya. "Peresi gani?" "Wa ngoma!" "Uwiii!" Wakaungana nasi. Kila nyumba tuliyopita ilitoa mtu. Mwinjilisti akatoka mbio huku anafunga vifungo vya shati, kitabu cha nyimbo kwapani. Nakumbuka nilifikiri, katikati ya kilio: ona jinsi alivyopendwa! Hawa watu wamezika wiki iliyopita na bado wanalia kama leo!

(Haikunijia kabisa kwamba walikuwa wanalia kama leo kwa sababu wameambiwa leo. Na mimi.)

Yusto akanivuta upande wa kanga. "Dada Mwanaidi. Hawa mbona wanaulizana ni lini?"

"Usinisumbue, Yusto. Ni uchungu."

Tukafika uani. Nyumba ya tembe, ndogo, zizi pembeni. Yusto akatoa shuka, akainua plaiwudi juu. Bibi Peresi akatokea mbele ya umati anacheka, na utepe wake mweusi. Kilio kikapanda hadi ng'ombe wakasimama. Mimi nikapiga magoti. Shada mkononi. Niliona haitoshi, nikajitupa chini kabisa, kifudifudi, kwenye vumbi.

Nikasikia mtu anatoka nyuma ya nyumba, anakokota miguu. Anakuja analia naye, sauti nzito ya kizee. Akanifikia. Akaniinua mabega, akanikumbatia, akaniweka kichwa kifuani pake. Alinukia karanga mbichi. Mimi macho yamejaa vumbi na machozi, sioni kitu. Nikamshika kwa nguvu kama mama yangu.

"Pole mwanangu," akasema, huku analia. "Pole, pole. Nyamaza. Nani ametutoka?"

"Bibi Peresi!" nikajibu kwa kwikwi.

Kile kifua kikaacha kupumua.

"Peresi yupi?"

"Wetu! Wa muheme!"

Kilio cha umati kikakatika. Shada la plastiki likaniponyoka mkononi, likaanguka.

"Mwanangu," sauti ikasema taratibu, "Peresi wa muheme ni mimi."

Nikafuta macho kwa kanga. Nikainua uso. Pengo lile. Jicho lile la kushoto dogo kuliko la kulia. Ganda la karanga kwenye kidevu.

Na mimi, mtoto wa Tanga niliyelelewa vizuri, nilipoona maiti inanitazama, nikasema neno moja lililokuja:

"Shikamoo."

"Marahaba," akasema marehemu.

Jamani. Jamani!

Nitawaeleza yaliyofuata kwa kifupi kwa sababu bado yanauma. Mama Yeremia ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akakasirika: "Wewe binti! Nimelia tangu Mpwapwa! Sauti yote imeisha!" Halafu akacheka tena. Mwinjilisti alijaribu kusema kitu kuhusu shukrani, akashindwa, akageukia ukuta, mabega yanatikisika. Wauza nyanya walishikana ili wasianguke. Yusto alisimama palepale ameinua plaiwudi juu, kama askari aliyesahauliwa, hajui aishushe au akimbie nayo.

Bibi Peresi hakucheka. Alikuwa anatazama ile picha.

"Nani amenichora hivi?"

"Mimi, bibi," Yusto akasema kwa sauti ya panya.

"Na huu utepe?"

Yusto akaubandua haraka, akauweka mfukoni.

"Na kwenye hilo ua pameandikwa nini?"

Mjukuu wake mmoja wa kike, mwanafunzi, akasoma kwa sauti safi kabisa ya darasani: "Buriani Bibi Peresi."

"Ahaa," akasema Bibi. Akavuta kigoda, akakaa kwa kujisaidia na fimbo, miguu ameinyoosha mbele. "Basi mmekuja kwenye msiba wangu. Karibuni. Mbukwenyi," akatusalimu kwa Kigogo. "Sasa nielezeni nimekufaje."

Nikaeleza. Simu, kichuguu, upepo, ametutoka, tumemsindikiza, amepumzika. Kumbe walimsindikiza kituo cha basi! Kumbe alikitoka kikundi! Kila neno nililotaja, watu walianguka upya. Nikaendelea mpaka kwenye jarida, nikamweleza kwamba nimeandika habari zake, na watu wa Mwanza na Zanzibar na Ulaya wamesoma, kwamba yule wa Ulaya amelia, na Zuhura ametunga shairi.

Hapo akanikazia macho.

"Umeandika nini?"

"Ah, bibi, mambo madogomadogo tu."

"Unayo hapo?"

Nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeichapa, pamoja na shairi la Zuhura, kwa herufi kubwa ili nimpe mwanafamilia. Nikasema labda nitaileta siku nyingine. Akagonga fimbo chini.

"Soma."

Wenzangu, mmewahi kumsomea mtu tanzia yake mwenyewe, amekaa kwenye kigoda mbele yenu, na kijiji kizima kimeketi kumzunguka? Nilisimama wima kama mtahiniwa. Nikaanza: "Marehemu Bibi Peresi alikuwa mwanamke mpole na mnyenyekevu..."

Sikufika mbali. Umati ulilipuka. Mzee mmoja alipiga kelele, "Peresi? Mpole?" Mama Yeremia akasema aliwahi kufukuzwa na Bibi kwenye mazoezi kwa mwiko. Bibi akawanyamazisha wote kwa mkono.

"Hapo umenisingizia," akaniambia. "Lakini iache. Watu wa mbali hawanijui. Endelea."

Nikaendelea. Nilitaka kuruka aya ya tatu. Mnaijua. Nilipoikaribia nikajifanya nageuza karatasi. "Umeruka," akasema yule mjukuu, aliyekuwa anachungulia begani kwangu. (Nampenda sana mtoto yule. Siku moja nitamfinya.)

Nikaisoma. Kwamba nilipofika Dodoma nilikuwa sina ndugu wala rafiki. Kwamba nilikuwa nahesabu hii ni stesheni tu, naondoka barua ya uhamisho ikitoka. Kwamba Jumapili moja nilipotea njia Makutupora nikafuata mlio wa ngoma, nikakuta kina mama wanafanya mazoezi, na mwanamke mmoja mwenye pengo, bila kuniuliza jina wala kabila wala dini, akanibandika ngoma magotini akasema, "Bana. Usiogope. Piga." Kwamba nilipiga vibaya, na yeye akacheka mpaka akafuta machozi, halafu akanipakulia ugali wa uwele na mlenda. Kwamba tangu siku ile sijaomba tena uhamisho. Kwamba sikuwahi kumwambia.

Nilipomaliza sikuweza kumtazama. Nikawatazama kuku.

"Haya yote," akasema Bibi Peresi, "ulikuwa unangoja nife ndipo uyaseme?"

Nikaikunja karatasi mara nne.

Akapangusa kidevu chake, lile ganda la karanga likaanguka. Akaongea polepole, Kiswahili chake kile cha kuchagua maneno, chenye Kigogo ndani.

"Mimi niliondoka Makutupora kwa sababu haya magoti hayabani tena. Muheme ikidondoka mara moja, watu wanasema bahati mbaya. Ikidondoka mara tatu, wanatazama pembeni. Nikaona niondoke kabla hawajaanza kunionea huruma. Nimekaa hapa wiki nzima namenya karanga. Nikajisemea, Peresi, umekwisha, na hakuna aliyeona." Akachora mstari vumbini kwa fimbo. "Na yule wa Ulaya, amelia kweli?"

"Kweli, bibi. Maktaba. Mbele ya Wazungu."

"Maskini," akasema, na pengo likaonekana kwa mara ya kwanza leo.

Halafu akataka asomewe shairi la Zuhura. Zuhura, dada yangu, nilisoma. Ubeti wa kwanza alitikisa kichwa. Wa pili akanisimamisha. "Huyu binti anajua. Lakini wewe unalisoma kama tangazo la mnada. Leteni hicho kibao."

Alimaanisha plaiwudi. Yusto akamletea, akidhani anataka kuitazama picha vizuri. Bibi akaipindua, uso chini, akailaza juu ya mapaja yake, na akaanza kupiga kwa viganja.

Wenzangu, sijui niwaeleze vipi. Plaiwudi ile ililia. Kitu ambacho hakihitaji magoti kubana, kinalala tu. Kwanza polepole, anatafuta palipo na sauti nzito na palipo na nyembamba. Halafu akaharakisha. Akanipa ishara kwa kidevu: soma. Nikasoma maombolezo ya Zuhura juu ya mapigo yale, na hayakuwa maombolezo tena. Mama Yeremia aliyesema sauti imeisha akapokea kiitikio cha kwake mwenyewe. Wauza nyanya wakaanza kutikisa mabega. Mchele wetu wa rambirambi ulikuwa tayari jikoni, sukari imeingia kwenye chai, na mwinjilisti alikuwa anapiga makofi na kitabu cha nyimbo.

Yusto peke yake ndiye aliyekuwa na mashaka. "Bibi," alinong'ona, "rangi ya pua haijakauka vizuri."

"Pua ninayo nyingine," akasema Bibi, bila kusimama.

Tulipoaga alikataa kuturudishia picha. Sasa ina alama ya shanga zilizobanduka na pua imehamia shavuni, lakini anasema sauti yake ni nzuri kuliko ngoma mbili alizonazo. Shada ameliweka juu ya mlango. Nikamwomba turudi nalo, nikamwambia ni aibu yangu. Akasema plastiki haitupwi bure, na kwamba maneno yale mjukuu wake atayakwangua, abakishe jina.

Kwa hiyo Mhariri, tafadhali, usiifute ile tanzia. Hilo ni agizo lake, si langu. Amesema ondoa "marehemu", ondoa mshumaa, na kila penye "alikuwa" weka "ni". Mengine yabaki yalivyo. Mama Loyi nimempigia nilipofika mjini. Amepiga yowe hadi nadhani alidondoka kichuguuni, halafu akasema kikundi kizima kinakwenda Gulwe mwezi ujao kufanya mazoezi hukohuko, na atakayelalamika kuhusu umbali abaki na zabibu zake.

Nyie mnaocheka, nawasikia hata kupitia kompyuta. Chekeni kidogo basi, mnyamaze.

Maana tulipokuwa tunangoja pikapu, yule mzee aliyepiga kelele wakati nasoma alinifuata taratibu, akaniita pembeni. Anaitwa Mzee Nhonya. Anachonga vigoda, amechonga maisha yake yote. Akatazama huku na huku asisikike.

"Hilo gazeti lenu la kwenye waya," akaniuliza, "linaandika na wanaume?"

"Linaandika, babu."

"Na ni lazima mtu afe kwanza?"

"Hapana, babu. Si lazima."

"Ahaa," akasema. Akavua kofia, akajipangusa vumbi usoni, akaketi vizuri kabisa kwenye jiwe, mikono magotini, akanitazama.

"Basi mimi pia niandike hivyohivyo," akasema. "Hata hapo kwenye upole."